Gitaa la semi-holo na pedali ya fazi: namna ya kulituliza bila kuua sauti yake

Chomeka gitaa la semi-holo, lenye tumbo tupu na gogo la mbao katikati, kwenye fazi, pedali ya kuchafua sauti, fungua kila kitufe mpaka mwisho, halafu simama mbele ya spika. Ukumbi wowote wa bati, uwe Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, utakujibu kabla hujagusa nyuzi: mvumo mnene unaanzia tumboni mwa gitaa, unapanda, na fundi mitambo anakufunga sauti wimbo haujafika kwenye kiitikio. Wengi hapo huilaumu pedali. Pedali inafanya kazi yake tu. Fazi hukata vilele vya sauti kubwa na kuinua sauti ndogo mpaka zikaribiane, hivyo mtetemo hafifu wa ubao, ambao bila fazi husikii kabisa, unakuja juu ukalingana na nota uliyoipiga.

Vitu viwili ndivyo vinavyotuliza hali hiyo zaidi ya vyote, na vyote viwili ni bure: kitufe cha volyumu kilicho kwenye gitaa lenyewe, na mahali unaposimama. Mengine yanayofuata ni ya kuvisaidia.

Kwanza hakikisha ni semi-holo kweli

Magitaa mengi yenye matundu ya f, yaani yenye umbo la herufi hiyo kwenye ubao wa mbele, huuzwa kwa jina hilo wakati ndani ni matupu. Washa tochi ya simu, chungulia kwenye tundu la f kuelekea katikati ya gitaa. Ukiona ukuta wa mbao umesimama karibu na tundu, kuanzia shingoni kwenda mkiani, hilo ni semi-holo. Gogo hilo la katikati ndilo Gibson walilolitia kwenye ES-335 mwaka 1958, kusudi gitaa la tumbo liweze kupigwa kwa sauti kubwa bila kuvuma sana. Ukiona upande wa pili wa tumbo bila kizuizi, una gitaa tupu la aina ya Epiphone Casino. Linaweza kupigwa na fazi, ila kila kipimo kilichoandikwa hapa kipunguze kwa robo, na kuziba matundu kunakuwa lazima.

Alama nyingine iko kwenye brigi, kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao. Kwenye semi-holo nguzo zake huwa zimezama ndani ya gogo. Brigi ikiwa imekaa juu ya ubao tu, imeshikiliwa na mkazo wa nyuzi, mara nyingi gitaa hilo ni tupu.

Tofautisha mvumo na mluzi

Usitibu kabla hujajua ugonjwa. Washa fazi, fungua volyumu ya gitaa mpaka kelele ianze, kisha bana nyuzi zote kwa kiganja cha kushoto na ulaze kiganja cha kulia juu ya ubao, nyuma ya brigi.

Sauti nene ikifa, tatizo ni ubao na hewa ya tumboni. Huo ni mvumo. Sauti nyembamba inayochoma masikio ikiendelea hata nyuzi zikiwa zimebanwa, tatizo ni pikapu, kile kifaa chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme: waya mwembamba uliozungushwa ndani yake umelegea na unacheza kama kipaza sauti. Huo ni mluzi. Kuhakikisha, gonga kifuniko cha pikapu kwa kalamu ya risasi. Ukisikia "ko, ko" kubwa kwenye spika, umempata mhalifu.

Dawa ya mvumo: ziba matundu

Kandambili nzee inatosha. Weka karatasi juu ya tundu la f, pitisha penseli ukingoni upate umbo lake, likate, kisha lichore juu ya soli. Kata kwa wembe mpya ukiacha milimita moja zaidi kila upande, halafu chonga mfereji mdogo kuzunguka ukingo wote ili soli iukamate ubao juu na chini. Toboa katikati kwa sindano, pitisha uzi mweusi na ufunge fundo kwa ndani. Bila uzi huo, siku ya kukitoa kizibo hicho utatumia bisibisi, na bisibisi hukwangua rangi.

Hapa pana hatari moja. Magitaa yaliyopakwa vanishi ya nitro, kama Gibson nyingi, hayapatani na mpira wala plastiki laini. Vikikaa pamoja muda mrefu rangi hulainika na kunata. Kama gitaa lako ni la aina hiyo, weka kizibo wakati wa kupiga tu, ukitoe kabla ya kulifunga kwenye boksi. Yaliyopakwa poli (poliuretheni au poliesta), ambayo ndiyo mengi ya bei ya kati, hayana shida hiyo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kata vipande vya sponji laini ya godoro, upana sentimita 3 na urefu 15, uvisukume kupitia tundu la f vikae kati ya gogo na ubavu. Viwili kila upande vyatosha. Usijaze mpaka pakabana, maana utakuwa umegeuza semi-holo kuwa gitaa la ubao mzito, na hilo ungelinunua kwa bei nafuu zaidi. Pamba usitumie: nyuzinyuzi zake huingia kwenye poti (sehemu ya ndani ya vitufe) na kwenye jeki, tundu la kuchomekea waya.

Dawa ya mluzi: nta

Kazi hii inahitaji utulivu, lakini Nyanda za Juu Kusini tuna bahati: nta safi ya nyuki inapatikana kwa warina asali. Chukua sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mishumaa myeupe isiyo na rangi wala manukato. Nta ya nyuki inazuia parafini ya mishumaa isipasuke ikipoa.

Yeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto wala juu ya jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto, na moto wa nta hauzimwi kwa maji. Tumia kipimajoto. Lenga nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Ikipita 70, fremu za plastiki ndani ya pikapu huanza kujikunja, na pikapu iliyojikunja hairudi.

Ninginiza pikapu kwa waya wake, izame yote. Vipovu vitapanda kimoja kimoja, hewa ikitoka na nta ikiingia. Iache dakika 15 mpaka 20, au mpaka vipovu vikome. Itoe, ifute kwa kitambaa wakati bado ina joto, iache ipoe kabisa kabla ya kuirudisha. Ikiwa pikapu ni ya zamani na ya thamani, usiiguse. Ishi na mluzi wake, au mpe anayeifahamu.

Fazi ipi, na baridi inahusikaje

Familia ni mbili. Ya kwanza inatokana na Fuzz Face ya Arbiter ya mwaka 1966: transista mbili tu, vitufe viwili, na mlango wa kuingilia wenye ukinzani mdogo sana. Kwa sababu ya mlango huo, pedali inazungumza na pikapu moja kwa moja. Ukipunguza volyumu ya gitaa, uchafu unaondoka na sauti inabaki safi na angavu. Ya pili ni ya mtindo wa Big Muff: transista nne, sauti ndefu isiyokufa, na kitufe cha toni kinachochimba shimo kwenye sauti za kati. Hii haijali sana volyumu ya gitaa.

Kwa semi-holo tunapendekeza ya kwanza, bila kusita. Big Muff hukuza sana, na kwenye gitaa lenye tumbo ukuzaji huo ndio mafuta ya mvumo.

Sasa hali ya hewa. Fuzz Face za mwanzo zilitumia transista za jemaniamu, nazo huvujisha umeme kadiri joto linavyopanda: kila nyuzi 10 hivi za Selsiasi, uvujaji unakaribia kuongezeka maradufu. Bendi inayopiga Njombe Ijumaa usiku mwezi Julai, jasho likigoma kutoka, na Jumamosi mchana ikawa Kyela kando ya Ziwa Nyasa, inabeba pedali mbili tofauti ndani ya boksi moja. Kwenye joto itakatikakatika, nota zitafia njiani, nguvu itapungua. Kwenye baridi kali inakuwa nyembamba na ngumu.

Kama pedali ina skrubu ndogo ya kurekebisha ndani, jifunze kuitumia. Weka betri mpya, chomeka waya wa gitaa, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye ardhi ya pedali na nyekundu kwenye kolekta, mmoja wa miguu mitatu, ya transista ya pili. Unatafuta karibu 4.5. Zile zenye transista za PNP zitakuonyesha alama ya kutoa mbele ya namba, ni sawa. Fanya hivyo ukumbini, pedali ikiwa imekaa nusu saa ipate joto la mahali pale. Ukifanyia hotelini umepoteza muda. Anayesafiri kila wiki kati ya milimani na ziwani anunue ya silikoni asahau habari hii. Ni kali kidogo kwenye sauti za juu, lakini haibadiliki kwa hali ya hewa.

Umeme na mpangilio

Fazi ya aina ya Fuzz Face iwe ya kwanza kabisa kutoka kwenye gitaa. Pedali yenye bafa, sakiti inayoimarisha mawimbi ya gitaa, ikitangulia, hata tyuna iliyozimwa, inakata yale mazungumzo ya pikapu na fazi: sauti inakuwa ya kukwaruza na volyumu ya gitaa haisafishi tena. Waya wa hewani, ule wa kupeleka sauti kwa redio, nao una bafa. Kwa hiyo anayelalamika kuwa fazi yake imeharibika tangu anunue waya wa hewani, pedali yake ni nzima. Big Muff haina masharti haya, iweke popote kabla ya dilei.

Betri ya kawaida ya 9V ya zinki na kaboni, ile ya bei rahisi, ndiyo inayopendwa kwenye fazi, na inadumu sana maana pedali hula umeme kidogo mno. Kitu kimoja husahauliwa: tundu la kuingizia ndilo swichi. Waya ukibaki umechomekwa usiku kucha, betri inaliwa.

Ukitumia adapta, soma alama. Pedali nyingi hutaka hasi katikati ya plagi. Fazi za jemaniamu za PNP mara nyingi ardhi yake ni chanya, na ukiichangisha kwenye adapta moja na pedali nyingine umeunganisha chanya na hasi ana kwa ana. Adapta itakufa au pedali zote zitanyamaza. Hiyo ipe betri yake.

Usikate pini ya ardhi ya plagi kwa ajili ya kuondoa mngurumo. Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme kutoka soketi moja. Midomo ikipigwa shoti unapogusa maiki ukiwa umeshika nyuzi, acha kupiga mpaka fundi umeme apime.

Kuweka vitufe

Miongozo ya kigeni hutaja vitufe kwa mishale ya saa. Kwetu hilo ni balaa, mtu akikwambia weka "saa tatu" hujui anasoma saa ya nani, basi tuhesabu kwa robo.

Anza na amplifaya safi, besi robo, sauti za kati robo tatu, treble nusu. Besi hiyo itakuonekania ndogo. Vumilia. Hambaka, pikapu yenye koili mbili, ya shingoni kwenye semi-holo ni nene tayari, na fazi ikipewa unene mwingi haichagui nota, inatoa matope.

Fazi ya Fuzz Face: kitufe cha fazi robo tatu au zaidi, volyumu ya pedali mpaka sauti ilingane na ile ya pedali ikiwa imezimwa, kisha ongeza kidogo. Sasa rudi kwenye gitaa. Volyumu ya brigi weka 7, ya shingoni 4. Hapo ndipo ilipo siri ya gitaa lenye vitufe vinne: swichi ya pikapu imekuwa pedali ya pili. Shingoni unapata rizimu safi yenye chembechembe, ukitupa swichi kwenye brigi unapata solo. Mguu haujainuka. Jihadhari na katikati ya swichi, kwa kuwa kwenye magitaa mengi volyumu moja ikiwa sifuri inaua zote mbili.

Ukihitaji kufika 10, fika kwa sekunde chache za kilele cha solo, urudi. Kati ya 6 na 8 fazi bado ni fazi, na mvumo una nafasi ndogo.

Big Muff: kitufe cha kurefusha sauti robo tu, toni nusu kupita kidogo, volyumu kiasi. Kwa kuwa inachimba sauti za kati, na mpiga kinanda anakaa humohumo, ongeza sauti za kati kwenye amplifaya mpaka uone zimezidi ukiwa peke yako. Bendi ikiingia zitakuwa sawa.

Kodi kamili za nyuzi sita ziache. Fazi huzichanganya nota zikazaa nyingine ambazo hukuzipiga, na nyuzi zisipokuwa kwenye tyuni kamili unasikia kigugumizi. Piga nota mbili, ya kwanza na ya tano, au ya kwanza na oktava. Kwa rizimu ya sebene punguza volyumu ya gitaa mpaka 3, kodi zitasomeka.

Matope yakibaki baada ya yote hayo, shusha pikapu ya shingoni. Bana nyuzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi: milimita 3 upande wa nyuzi nene, 2.5 upande wa nyembamba. Fundi redio anaweza pia kubadilisha kapasita ya kuingilia ndani ya Fuzz Face, kutoka 2.2 µF ya kawaida mpaka 0.1 µF. Besi inaanza kupungua kwenye nota za uzi wa sita, ambao ukiwa wazi unatetema 82 Hz, na sauti yote inakaza.

Ukiwa huna amplifaya

Makanisani na kwenye kumbi nyingi gitaa huingia moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Fazi huko hulia kama nyuki ndani ya debe. Sababu ni kwamba spika ya gitaa ya inchi 12 kwa kawaida huacha kutoa sauti za juu kuanzia karibu 5 kHz, na spika za ukumbi zina honi inayofika mbali zaidi. Kitufe cha "high" kwenye mikisa hakitoshi, kwani mara nyingi kinashika 10 au 12 kHz na uchafu wa fazi uko chini ya hapo.

Kama mtu ana amplifaya ndogo, hata ya wati 10, iweke nyuma ya jukwaa, maiki ya kawaida ya kuimbia iwe sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa, ielekezwe pembeni ya kitovu cha spika. Njia nyingine ni pedali inayoiga kabati la spika. Ya tatu ni kichujio cha kujitengenezea: rezista ya 4.7 kΩ kwenye njia ya sauti, kisha kapasita ya 6.8 nF kwenda ardhini, ambayo hukata kuanzia karibu 5 kHz. Kichujio kikae baada ya pedali yenye bafa, kama tyuna, nayo tyuna iwe baada ya fazi. Kikiunganishwa moja kwa moja na fazi kitakula sauti kupita kiasi.

Simama wapi

Kabla watu hawajaingia, piga nota moja moja kwenye uzi wa sita na wa tano, polepole, kuanzia wazi mpaka freti ya saba. Mojawapo itavimba kuliko wenzake. Iandike. Mara nyingi huangukia kati ya G ya 98 Hz na D ya 147 Hz. Mwambie fundi mitambo apunguze hapohapo kwenye chaneli yako, si besi yote. Kitufe cha kukata chini cha mikisa nyingi huishia 75 au 100 Hz, hakiifikii.

Usiangaliane na spika. Simama mita 2 kutoka kwayo, geuza mwili nusu ili ubavu wa gitaa ndio uelekee spika, na gitaa lako lisirudishwe kwenye monita iliyo miguuni pako.

Ukitaka nota ivume kwa makusudi, tafuta sehemu yake. Nota ya A ya 220 Hz ina wimbi la mita 1.56 hivi, kwa hiyo ukisogea nusu yake, kama sentimita 78, sehemu iliyokuwa inaitia nguvu inakuwa inaizima. Shika nota, sogea nusu hatua nusu hatua, na inapochanua bandika kipande cha utepe sakafuni. Ukumbi ukijaa watu alama itahama kidogo, bado utakuwa umejua pa kuanzia.

Kinachoharibika mara nyingi

Jeki. Kwenye semi-holo iko juu ya ubao au ubavuni, nati yake hulegea kwa kupigwapigwa na waya, na mpigaji huikaza kwa nguvu bila kushika kitu. Jeki nzima inazunguka ndani, nyaya zinajisokota, na waya wa ardhi unakatika. Dalili ni mngurumo mkubwa usiopungua unapogusa nyuzi.

Hakuna mlango wa nyuma, kila kitu hupita tundu la f. Kabla ya kutoa jeki, funga uzi imara kwenye ncha yake ya nje, kisha ifungue nati na uisukume ndani huku uzi ukibaki nje ya tundu lake. Ivute jeki itokee kwenye tundu la f, lehemu waya juu ya kitambaa kikavu, halafu vuta ule uzi: jeki itafuata njia yake hadi mahali pake. Poti za volyumu nazo hutolewa hivyohivyo, kila moja na uzi wake, zenye rangi tofauti, usije ukarudisha toni mahali pa volyumu. Unapokaza nati, ingiza bisibisi nyembamba ndani ya jeki uibane upande mmoja isizunguke, na uishie robo ya mzunguko baada ya nati kugusa ubao.